C imejaa? Kabla hujanunua diski, angalia draiva za grafiksi

Watu wanaoniletea kompyuta zao hapa Dar malalamiko yao huwa yaleyale, mashine imekuwa nzito na ile C, diski kuu yenye Windows, imekuwa nyekundu wakati hakuna walichoweka. "Hakuna nilichoweka kaka, muvi zote ziko kwenye eksteno." Na mara nyingi wanasema kweli kabisa, hawajaweka kitu. Aliyeweka ni kadi yao ya grafiksi, au niseme ile programu ya kadi inayokaa pale chini kulia, kila baada ya wiki kadhaa inaleta draiva mpya, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, mwenye kompyuta anabonyeza ndiyo maana pameandikwa mpya na nani anakataa kipya, halafu ile ya zamani inabaki humohumo, na ya kabla yake, na ya mwaka juzi, zote zimelala kwenye SSD ya GB 256 ambayo ukishaweka Windows na Premiere ya kuhariri video na gemu moja kubwa ndo basi tena.

Mimi kazi yangu kubwa ni kuhariri video za shughuli, harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali, kwa hiyo kadi ya grafiksi kwangu ni mtaji kabisa, na msimamo wangu kwenye hili jambo nausema mapema ili tusisumbuane huko chini. Draiva ya grafiksi haiwekwi kwa sababu ni mpya. Inawekwa kwa sababu ina kitu unakihitaji, na ukishaiweka ukairidhia, unafagia zilizopita. Kuna mafundi watakwambia apdeti kila kitu kila siku, hao mimi na wao hatujawahi kukaa meza moja tukaelewana.

Kwanza ujue kwa nini hii kitu ni kubwa hivi. Draiva ya mausi au ya printa ni vitu vidogo tu, lakini ya grafiksi ni mtambo mzima. Gemu au Premiere haiongei na kadi moja kwa moja, inatoa maagizo kupitia njia kama DirectX au Vulkan au CUDA, draiva ndo inayapokea na kuyageuza kuwa lugha ya chipu ile uliyonayo wewe, na kila kizazi cha chipu kina lugha yake, kwa hiyo ndani ya faili moja mmejazwa humo mambo ya kadi za vizazi vingi pamoja na marekebisho ya magemu mamia ambayo hujawahi hata kuyasikia. Ndo maana faili la NVIDIA la kushusha mara nyingi linavuka MB 600, na likishafunguliwa linakula zaidi ya GB moja. Kwa mtu anayetumia bando la simu hiyo sio apdeti, hiyo ni bajeti.

Halafu hizo draiva zinazotoka karibu kila mwezi, zile NVIDIA wanaziita Game Ready, lengo lake kubwa ni magemu mapya yanayotoka kipindi hicho. Gemu hilo kama hulichezi basi umeshusha mzigo wa mtu mwingine. Kwa sisi wa video kuna tawi la Studio, lilianza 2019, hilo linatoka mara chache zaidi na linapimwa zaidi na programu za kuhariri, na kadi ni ileile tu, GeForce ya kawaida unaweka Studio bila tatizo lolote, hakuna cha kusema mpaka uwe na kadi ya bei mbaya. AMD wao wana Adrenalin, na humo wanatofautisha zile walizozipendekeza na zile za hiari ambazo zimetoka mapema. Chukua iliyopendekezwa, tulia.

Hofu yangu haitoki hewani. Windows Vista ilipotoka Januari 2007 Microsoft walibadilisha mfumo mzima wa draiva za grafiksi, na baadaye kwenye kesi moja Marekani nyaraka za Microsoft wenyewe zikawekwa hadharani, zikaonyesha kwamba karibu asilimia 29 ya kuanguka kwa Vista walikokurekodi mwaka ule kulitokana na draiva za NVIDIA. Machi 2010 ikatoka draiva namba 196.75, kwenye baadhi ya kompyuta ikaharibu udhibiti wa feni, kadi zikapata joto kali, kampuni ikaitoa haraka na kuwaambia watu warudi kwenye ya nyuma. Sasa fikiria mtu aliyeiweka usiku akalala huku kompyuta inarenda, yaani inatengeneza video ya mwisho. Makampuni yamejifunza mengi tangu hapo, sikatai, ila toleo likitoka leo mimi sio wa kulionja leo. Nasubiri wenye haraka zao waonje, nikiona kimya baada ya wiki mbili tatu na kuna kitu ndani yake nakihitaji, naweka.

Na kitu unachokihitaji kinaonekanaje? Programu unayotumia imekataa kufunguka mpaka draiva ya kuanzia namba fulani, hiyo DaVinci Resolve na Blender wanaifanya sana. Au kuna hitilafu unaiona kwa macho, video ina mistari ya kijani, skrini inazima sekunde inarudi. Au imetangazwa apdeti ya usalama, hiyo usiipuuze, draiva ya grafiksi inakaa ndani kabisa kwenye mfumo na tundu lake ni tundu la kompyuta nzima. Nje ya hapo mimi sioni sababu.

Hiyo ya skrini kuzima na kurudi niiseme kidogo kwa sababu watu wanaogopa sana wanadhani kadi imekufa. Windows ina mlinzi anayeitwa TDR, kadi ikipewa kazi ikakaa kimya zaidi ya sekunde 2, anaiua draiva na kuiwasha upya, unaona giza, kisha kila kitu kinarudi, au programu moja inafunga. Ikitokea mara moja kwa mwezi wakati unarenda kitu kizito usihangaike. Ikitokea kila siku hapo kuna jambo, na sio lazima liwe draiva, inaweza kuwa pawa saplai ndogo au vumbi limejaa kwenye feni. Na skrini ikiganda kabisa kabla hujashika kitufe cha kuzima, jaribu kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, utasikia mlio mfupi skrini itapepesa, hapo umeiwasha upya draiva peke yake bila kuzima kompyuta. Imeshaniokolea mradi wa harusi ambao sikuwa nimeusevu, aisee.

Kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu, mcheza gemu, alinipigia kuhusu mambo haya haya.

"Shikamoo bro."

"Marahaba, nambie."

"Bro gemu limeanza kukwamakwama, na hapa imekuja notifikesheni ya draiva mpya, niishushe? Ni kama MB 700 hivi."

"Uliyonayo sasa hivi ni namba ngapi?"

"Nimeingia Device Manager imeandika 31.0.15.5186, mbona hailingani na za kwenye tovuti?"

Swali zuri hilo. Windows, kwenye Device Manager ambayo ni orodha yake ya vifaa, inaandika namba kwa mtindo wake na NVIDIA wana mtindo wao, ila ni kitu kimoja. Chukua tarakimu tano za mwisho, yaani ile 5 inayomalizia 15 pamoja na 5186, unapata 55186, weka nukta kabla ya mbili za mwisho, 551.86. Ndo draiva uliyonayo. Ukiona 32.0.15.6094 hiyo ni 560.94. Ukishajua hivi huhitaji programu yoyote ya kukwambia una toleo gani, na mtu akikwambia kwenye namba fulani kuna matatizo unaangalia mwenyewe sekunde kumi umemaliza.

Nikamuuliza C yako imebaki ngapi. Kimya. "GB tatu bro." Unaona sasa. Kompyuta ina RAM ya GB 8, gemu linataka zaidi, Windows inajaribu kumwaga ziada kwenye diski na diski yenyewe haina pa kumwagia, kisha huyu anataka kuongeza draiva nyingine ya GB moja na kitu juu yake. Nikamwambia acha notifikesheni ikae hapo hapo, kwanza tufagie. Hatukuweka draiva yoyote siku ile na gemu lilitulia.

Sasa tufagie wapi. Fungua C yenyewe, pale mwanzoni kabisa, uangalie kama kuna folda inaitwa NVIDIA, au AMD, au Intel. Hiyo ni sehemu ambayo faili la kusakinisha linajifungulia vitu vyake kabla ya kuanza kazi, na kazi ikiisha mara nyingi haliondoi kilichobaki, kama mpangaji aliyehama akaacha makochi sebuleni. Nimekuta kompyuta za watu humo ndani kuna folda ya kila toleo tangu siku waliyoinunua. Folda hizo, kompyuta ikishawaka vizuri na draiva mpya, unaweza kufuta, hazitumiki tena. Sio folda za Program Files jamani, nasema za pale mwanzoni mwa C tu, usije ukafuta kitu kingine halafu uje kunitafuta. Kama ulikuwa unatumia GeForce Experience, ile programu ya zamani ambayo Novemba 2024 ilipokelewa kijiti na NVIDIA App, basi angalia pia ndani ya ProgramData, folda ya NVIDIA Corporation, kuna Downloader, mafaili iliyoshusha huwa yanakaa humo. ProgramData imefichwa, lazima uwashe kuonyesha vilivyofichwa.

Hapo ni juu juu. Mzigo wenyewe uko kwenye ghala la Windows, C, Windows, System32, DriverStore, FileRepository. Windows kila ikipokea draiva inaweka nakala yake kamili humu, ndo maana ukibonyeza kitufe cha kurudi nyuma inaweza kurudi bila intaneti. Wazo zuri. Shida yake haisafishi yenyewe kwa kasi, kwa hiyo ukiapdeti kila mwezi kwa mwaka mzima unaweza kukuta folda nyingi zinazoanza na nv_disp, kila moja GB moja na zaidi. Na hapa nakuomba, usiingie humo ukaanza kufuta folda kwa mkono. Windows itakuzuia, wewe utalazimisha ruhusa kwa sababu umeona YouTube, halafu utafuta ile inayotumika.

Njia ya kistaarabu ipo ndani ya Windows yenyewe. Tafuta Disk Cleanup, chagua C, bonyeza kitufe cha kusafisha mafaili ya mfumo, subiri ipige hesabu, kwenye orodha itakuwepo Device driver packages. Weka tiki hapo. Usijali namba inayoonyesha hata ikiwa ndogo, kwenye hili hesabu zake sio za kuaminika sana. Kama haikutosha, kuna programu ndogo ya bure inaitwa Driver Store Explorer, iko wazi kwenye GitHub, inakupangia draiva zote na ukubwa wake na kampuni yake, ina kitufe cha kuchagua zile za zamani, unaona kabisa hii hapa GB 1 na pointi, hii hapa, hii hapa, unafuta. Wapenzi wa maandishi meupe kwenye weusi watafungua Command Prompt kama admini na kuandika pnputil /enum-drivers, wataona kila draiva na jina lake kama oem12.inf, kisha pnputil /delete-driver na jina lile. Ikiwa inatumika Windows itakataa, na hiyo ndo raha yake. Kuna watu wanaongeza /force mwishoni. Usiongeze.

Ila kabla hujafuta za zamani hakikisha mpya umeifanyia kazi kweli, maana ukishafuta kile kitufe cha kurudi nyuma kwenye Device Manager kinaweza kuwa kijivu, hakibonyezeki tena. Mimi huwa sifagii ghala mpaka nimerenda kazi nzima ya mteja kuanzia mwanzo mpaka mwisho na draiva mpya. Zile folda za mwanzoni mwa C nafuta siku hiyohiyo, ghala linasubiri.

Kuna uchafu mwingine ambao kwa kweli sio uchafu, keshi ya sheda. Gemu likichezwa mara ya kwanza draiva inaandaa vipande vya kodi kwa ajili ya kadi yako na kuvihifadhi ili kesho isirudie, vinakaa ndani ya AppData, Local, kwenye folda za NVIDIA au AMD pamoja na D3DSCache ya Windows. Video nyingi za kuongeza spidi zinakwambia ufute hizo kila wiki. Ukizifuta kinachotokea ni kwamba gemu linakwamakwama upya mpaka ziandaliwe tena, yaani umejiongezea kazi. Kwenye draiva mpya keshi ya zamani kwa kawaida haitumiki tena, inaandaliwa mpya, na ndo maana wengi wakishaapdeti wanasema draiva hii mbovu imepunguza spidi, wakati wangecheza saa moja tu mambo yangekaa sawa. Futa keshi ukiwa umebadilisha draiva au gemu linaonyesha rangi za ajabu, basi. Kwenye Disk Cleanup ileile ipo, DirectX Shader Cache.

Haya, tuseme sasa sababu unayo na unataka kuweka. Chukua faili kwenye tovuti ya mwenye kadi, NVIDIA, AMD au Intel, au kama ni laptop anzia kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptop kwa sababu wengine wana mambo yao ya mwanga wa skrini na kubadilishana kadi mbili. Zile programu za kukutafutia draiva zote kwa mpigo, zinazopiga skani zikakwambia una draiva 23 zilizopitwa na wakati, mimi nazitoa kwenye kila mashine inayopita mikononi mwangu, sitaki hata kujadili.

Kabla ya kuanza hifadhi ile unayoitumia. Kama faili lake unalo kwenye flashi vizuri, kama huna andika pnputil /export-driver, jina lile la oem na folda ya kuweka, inakutolea nakala. Tengeneza restore point, alama ya Windows ya kurudi nyuma mambo yakiharibika. Na umeme, kwetu huku huwezi kuongea kompyuta usiongelee umeme, angalia LUKU yako ina yuniti ngapi, kama una UPS chomeka, kama ni laptop iwe na chaji. Ukikatika katikati sio mwisho wa dunia, kompyuta ikiwaka mara nyingi utaona aikoni zimekuwa kubwa na skrini imekuwa na ukungu, hiyo Windows imeshika draiva yake ya msingi, Microsoft Basic Display Adapter, unaanza kusakinisha upya unaendelea. Nimeshaona mtu ameita fundi akalipa hela kwa sababu ya aikoni kubwa.

Unapoweka chagua Custom, usichague ile ya haraka. Hapo utaona vitu vinavyokuja na draiva, na kuna kisanduku cha kusakinisha upya kwa usafi. Ukiweka tiki kinafuta mipangilio yako yote ya nyuma, kama uliseti rangi za skrini kwa ajili ya kazi za video ziandike kwanza mahali maana zitapotea. Vitu vya ziada ambavyo hutumii toa tiki, ila ushauri mmoja, wengi huku nyumbani kompyuta tumeziunga kwenye tivii kwa HDMI, na sauti ya HDMI inapita kwenye draiva ya HD Audio iliyomo humohumo. Ukiitoa ukidhani ni takataka picha itakuja na tivii itakaa bubu, na utatafuta tatizo kwenye tivii, kwenye waya, kwenye setingi za sauti, kila mahali isipokuwa pale.

Sasa DDU. Jina kamili Display Driver Uninstaller, inatolewa bure na Wagnardsoft, na ukiingia kwenye makundi ya kompyuta utadhani ni dawa ya kila ugonjwa. Kazi yake ni kung'oa draiva ya grafiksi na mizizi, mafaili, rejista, huduma, kila kitu. Nzuri sana, ila ina wakati wake, umebadilisha kadi kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume, au draiva mpya inagoma kuingia inasema imeshindwa, au matatizo hayaishi hata ukiweka upya. Kwa apdeti ya kawaida huihitaji. Ukiitumia inataka uingie Safe Mode, yaani Windows iwake na vitu vya msingi tu, na hapo watu wengi ndipo wanapokwama. PIN ya kuingilia inaweza isikubali huko, kwa hiyo neno la siri lenyewe la akaunti ulijue. Na kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la diski, ambayo kompyuta nyingi za Windows 11 siku hizi imewashwa bila mwenyewe kujua, unaweza kuombwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, uchukue mapema uuandike kwenye karatasi, usisubiri uombwe ndo uanze kukumbuka imeili ya kaka yako aliyekuwashia kompyuta mara ya kwanza. Kitu kingine, chomoa intaneti, zima hotspoti ya simu. Ukishang'oa draiva, kompyuta ikiwaka tu na kuona mtandao Windows Update inakimbilia kuleta ya kwake, mara nyingi ya zamani, na wakati huohuo wewe unaweka yako, wanagongana. Faili lako liwe limeshashuka tayari kabla hujaanza.

Na hiyo ya Windows Update kubadilisha draiva nyuma ya mgongo wako ipo hata siku za kawaida. Unaweka yako leo, kesho unakuta namba nyingine. Dawa ya kwanza ni kwenye mipangilio ya usakinishaji wa vifaa, tafuta Device installation settings, chagua hapana. Isipotosha Microsoft waliwahi kutoa kifaa kidogo cha kuficha apdeti moja moja, wushowhide. Kwenye mashine za kazi mimi naweka hapana siku ya kwanza.

Nimalizie na kadi za zamani maana ndo nyingi mtaani, kompyuta za ofisi za mtumba zinazokuja na grafiksi ya Intel ndani, mtu anaongezea kadi ya bei nafuu maisha yanaenda. Kama unategemea Intel ya prosesa za kizazi cha 6 mpaka cha 10, tangu 2022 Intel waliziweka kwenye kundi la zamani, apdeti zake ni za usalama na hitilafu kubwa, kwa hiyo hakuna cha kukimbizana nacho kila mwezi. Kadi za NVIDIA za familia ya Kepler, kama GT 710 nyingi, zimeishia kwenye mfululizo wa 470. GTX 750 Ti, 1050 Ti, 1060 na wenzao, draiva za kawaida za magemu zilifikia kikomo Oktoba 2025, mfululizo wa 580 ndo wao wa mwisho, na kampuni imeahidi apdeti za usalama kila robo mwaka mpaka Oktoba 2028. Kadi haijafa, inarenda kama ilivyokuwa inarenda jana, ila ukijaribu kuisukumia draiva mpya kuliko uwezo wake itakataa na ujumbe kwamba hakuna kifaa kinacholingana, usidhani umeibiwa.

Kuibiwa kwenyewe kunaonekana hivi. Unauziwa kadi ya 1050 Ti kwa bei tamu sana, muuzaji anakupa na flashi yenye draiva yake na kukusisitizia usiapdeti kabisa. Hapo simama. Zipo kadi duniani ambazo ni chipu za mwaka 2010 na 2011, familia ya Fermi, wameandika upya BIOS yake, ile programu ya ndani ya kadi, ijitambulishe kwa jina jipya, na Fermi iliishia kwenye draiva 391.35 mwaka 2018. Ukiweka draiva halisi ya 1050 Ti inagoma au Device Manager inakuandikia kosa la Code 43. Shusha GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ni kafaili kadogo tu, tangu 2018 ina uwezo wa kuzitambua, inaandika FAKE kabisa mbele ya jina. Hata isipoandika angalia mstari wa Shaders, 1050 Ti ya kweli ina 768, hizo za kubadilishwa jina nyingi zina 192. Nenda na GPU-Z yako kwenye flashi, omba kadi ichomekwe palepale dukani mbele yako, na utoe hela mfukoni baada ya kuona hiyo namba.